HUDUMA ZA KULINDA UTAMBULISHO NA NAMNA ZINAVYOPANGWA UPYA

Utambulisho wa mwanachama ni mali yake. Zamani mali hiyo ilikuwa uso wake na kadi yake ya chama. Karani wa mizani alimfahamu mkulima, akapima zao lake, akamwandikia stakabadhi, na fedha zilipowasili mkulima alisimama mwenyewe dirishani akatia sahihi au alama ya dole gumba. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na namba. Namba ya kitambulisho cha Taifa, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki na namba ya siri ndizo zinazosimama dirishani kwa niaba ya mkulima. Anayezipata namba hizo aweza kusimama mahali pake, akapokea fedha zake au akakopa kwa jina lake, na mwenyewe asijue mpaka siku atakapodaiwa.

Kwa ajili hiyo zimeanzishwa huduma za kulinda utambulisho, yaani huduma zinazochunguza kumbukumbu mbalimbali na kumwarifu mwenye jina iwapo taarifa zake zimeonekana mahali pasipostahili. Nyingi kati ya huduma hizo hupatikana kwa intaneti, na chache hupatikana kwa simu ya kawaida. Makala haya yanaeleza kazi ya huduma hizo, sababu zilizofanya baadhi yake zishindwe kuwafaa watu zilizokusudiwa kuwalinda, na namna zilivyopangwa upya. Mifano mikubwa imetolewa Marekani na Australia, ambako huduma hizi zimetumiwa na watu wengi na makosa yake yamejadiliwa hadharani. Mafunzo yake, hata hivyo, yanakihusu kila chama cha msingi kinachotunza daftari la wanachama.

KAZI YA HUDUMA HIZI

Huduma ya namna hii ina kazi tatu. Ya kwanza ni kutafuta. Huduma hutafuta katika orodha zilizoibwa, ambazo wezi huuziana au kuzimwaga hadharani. Hutafuta katika kumbukumbu za mikopo. Au hutafuta katika rejesta za laini za simu. Ya pili ni kuonya, yaani kumfikishia habari mtu ambaye jina lake limeonekana. Ya tatu ni kuongoza, yaani kumwonyesha mtu huyo la kufanya.

Kazi ya kwanza hufanywa na mashine pamoja na wataalamu wachache. Kazi ya pili na ya tatu hutegemea jinsi huduma ilivyopangwa mbele ya macho ya mtumiaji: maneno yaliyochaguliwa, maswali anayoulizwa, mfuatano wa hatua, na mahali anapofikishwa mwishoni. Hapo ndipo huduma nyingi zimekwama. Mashine huiona hatari na onyo hutumwa, lakini aliyelipokea haelewi limetoka wapi wala linamtaka afanye nini. Mmoja huogopa akafanya haraka jambo la kumdhuru. Mwingine hulifuta akidhani ni kazi ya matapeli. Wote wawili hawakulindwa.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba huduma hizi hazizuii kila wizi, na huduma inayoahidi zaidi ya uwezo wake humdhuru mtumiaji kwa kumfanya azembee. Kampuni ya LifeLock ya Marekani iliwahi kutangaza biashara yake kwa kuionyesha hadharani namba ya Hifadhi ya Jamii ya mkurugenzi wake mkuu, Todd Davis, kana kwamba anayelindwa na kampuni hiyo hana la kuogopa. Namba hiyo ilitumiwa na wengine kwa udanganyifu. Mwaka 2010 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 12 katika shauri lililoletwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho pamoja na majimbo 35, kwa madai kwamba ahadi zake zilikuwa za uongo. Mwaka 2015 ikakubali kulipa dola milioni 100 kwa madai ya kukiuka amri iliyotokana na shauri hilo.

MFANO WA EQUIFAX, MWAKA 2017

Nchini Marekani yapo makampuni matatu makubwa yanayotunza kumbukumbu za mikopo ya wananchi, nayo ni Equifax, Experian na TransUnion. Mtu anapoomba mkopo, benki huuliza huko kama mwombaji ni mlipaji mwema. Kumbukumbu hizo hufungamana na namba ya Hifadhi ya Jamii yenye tarakimu 9, ambayo kwa kawaida mtu hukaa nayo maisha yake yote. Namba hiyo ikiibwa, haibadilishwi kwa urahisi kama inavyobadilishwa kufuli ya ghala.

Tarehe 7 Septemba 2017 Equifax ilitangaza kwamba wezi walikuwa wameingia katika kompyuta zake kuanzia katikati ya Mei hadi Julai mwaka huo. Walipitia kasoro iliyokuwamo katika programu iitwayo Apache Struts. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yamekwisha kutolewa mwezi Machi, lakini hayakutiwa mahali yalipohitajika. Walioathirika walihesabiwa kwanza kuwa milioni 143, na baadaye hesabu ikafika takriban milioni 147. Majina, tarehe za kuzaliwa, anwani na namba za Hifadhi ya Jamii zilichukuliwa.

Wizi huo ulikuwa jambo zito. Lililofuata lilikuwa zito vilevile, kwa kuwa kampuni iliwafungulia wananchi tovuti ya kuuliza kama wameathirika na kujiandikisha katika huduma ya ulinzi bila malipo kwa mwaka mmoja. Tovuti hiyo ni mfano mzuri wa huduma iliyopangwa vibaya, na yafaa makosa yake yatazamwe moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza lilikuwa mahali penyewe. Kampuni haikuwaita watu katika tovuti yake ya siku zote. Iliwaita katika tovuti mpya yenye jina refu, equifaxsecurity2017.com, ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea. Mtaalamu mmoja wa kompyuta alitengeneza tovuti ya kuiga kwa kugeuza tu mpangilio wa maneno, apate kuonyesha jinsi ilivyo rahisi kuwahadaa watu. Watumishi wa kampuni wenyewe walihadaika: zaidi ya mara moja waliwaelekeza wateja katika tovuti ile ya kuiga kupitia mtandao wa Twitter. Ikiwa watumishi hawakuweza kuitambua tovuti ya kampuni yao, mwananchi angeitambuaje?

Kosa la pili lilikuwa swali lililoulizwa. Mtu aliyetaka kujua kama namba yake imeibwa alitakiwa aandike jina la ukoo na tarakimu 6 za mwisho za namba ileile. Katika kadi za miaka ya nyuma, tarakimu 3 za mwanzo zilionyesha jimbo lilikotolewa namba. Kwa hiyo aliyetoa zile 6 alikuwa amekaribia kutoa zote. Kampuni iliyoshindwa kuitunza namba ilikuwa inaiomba tena.

Kosa la tatu lilikuwa jibu. Wengi waliambiwa kwamba huenda wameathirika. Wako walioandika majina ya kubuni wakapewa jibu lilelile. Jibu la namna hiyo halina thamani, kwani halimtenganishi aliyeibiwa na asiyeibiwa.

Kosa la nne lilikuwa njia iliyokatika. Baadhi ya waliotaka kujiandikisha walipewa tarehe ya mbele na kuambiwa warudi siku hiyo. Mtu mwenye hofu akaachwa na hofu yake, pasipo jambo la kufanya leo. Aidha, masharti ya huduma yalikuwa na kifungu kilichoonekana kuwanyima watumiaji haki ya kwenda mahakamani. Kifungu hicho kiliondolewa baada ya malalamiko ya watu.

Kosa la tano lilikuwa la ndani zaidi. Waliofunga kumbukumbu zao za mikopo ili mtu mwingine asikope kwa jina lao walipewa namba ya siri ya kuzifungulia. Ikagunduliwa kwamba namba hiyo ilikuwa tarehe na saa ambayo mtu alifunga. Kufuli ilikuwepo, lakini ufunguo wake uliweza kukisiwa.

Mkurugenzi mkuu wa kampuni, Richard Smith, aliondoka kazini tarehe 26 Septemba 2017. Mwezi Julai 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575 ili kumaliza mashauri ya serikali kuu na majimbo. Fedha hizo ni nyingi, lakini hazikuweza kununua imani ya mtu aliyefika katika tovuti ile akiomba msaada na akaondoka na mashaka zaidi.

MAANA YA KUPANGA UPYA

Wengi wakisikia kwamba huduma imepangwa upya hudhani imebadilishwa rangi na picha. Kupanga upya kunakokusudiwa hapa ni kuitazama huduma kwa macho ya mtu anayeitumia akiwa na wasiwasi, mwenye haraka, asiyejua maneno ya wataalamu, na pengine akitumia simu aliyoazima. Wapangaji hujiuliza maswali matano, ambayo ndiyo maswali anayojiuliza mtu huyo kwa mfuatano huo:

(i) Je, onyo hili ni la kweli, au ni la matapeli?
(ii) Ni jambo gani lililotokea, na lini?
(iii) Ni kitu gani changu kilichochukuliwa, na kipi hakikuchukuliwa?
(iv) Nifanye nini sasa hivi, na nini baadaye?
(v) Nikishindwa, nimwone nani?

Huduma inayojibu maswali hayo kwa maneno ya kawaida imekwisha kufanya kazi kubwa. Kisha hupimwa. Mtu asiyehusika na utengenezaji wake hupewa kazi ya kufanya, kwa mfano kutafuta kama taarifa zake zimeibwa, na mpimaji hukaa kando pasipo kumsaidia, akiandika mahali anaposita, anaporudi nyuma na anapokosea. Hapo hurekebishwa palipokwama, na kipimo kikarudiwa. Jakob Nielsen, mtaalamu mashuhuri wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kazi hii, basi, haidai mali nyingi. Inadai subira na unyenyekevu wa kukubali kwamba mtumiaji akikosea, aghalabu kosa ni la aliyepanga.

Jambo jingine ni kipimo cha sauti. Huduma inayopiga kelele kila siku humzoesha mtu kutosikia, na siku ya hatari ya kweli hatasikia pia. Wapangaji wenye busara hutofautisha habari ya kujua tu na habari ya kuchukulia hatua, wakaiweka ya pili mbele na kuiandika waziwazi.

HUDUMA ILIYOULIZA MACHACHE

Nchini Australia mtaalamu wa usalama wa kompyuta aitwaye Troy Hunt alifungua tovuti ya Have I Been Pwned mwezi Desemba 2013. Jina hilo limetokana na misemo ya wacheza michezo ya kompyuta, nalo huuliza kama mtu amekwisha kuvamiwa. Mtumiaji huandika anwani yake ya barua pepe tu, kisha huonyeshwa ni katika wizi upi anwani hiyo imeonekana. Haulizwi jina, wala umri, wala namba ya kitambulisho.

Tovuti hiyo imepangwa upya kadiri matatizo yalivyojitokeza. Mwaka 2015 ziliibwa kumbukumbu za Ashley Madison, tovuti ya watu wa ndoa waliotafuta uhusiano wa nje. Kama yeyote angeweza kuandika anwani ya jirani yake na kuoneshwa jibu, huduma ya ulinzi ingegeuka kuwa chombo cha kuvunjia nyumba za watu. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba habari za wizi wa aina hiyo zisionyeshwe hadharani, bali apewe mwenye anwani peke yake, baada ya kuthibitisha kwa ujumbe uliopelekwa katika barua pepe yake. Hapa pana fundisho: onyo laweza kuwa la kweli na likaleta madhara, likimfikia asiyehusika.

Mwaka 2018 likapatikana suluhisho la tatizo jingine, nalo ni jinsi mtu awezavyo kuuliza kama neno lake la siri limekwisha kuibwa pasipo kulitaja. Neno hilo hugeuzwa kwanza, ndani ya kompyuta ya mtumiaji, liwe mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Herufi 5 za mwanzo tu za mfululizo huo ndizo zinazopelekwa. Tovuti hurudisha orodha ya yote yanayoanza na herufi hizo, na kompyuta ya mtumiaji yenyewe hulinganisha. Ni kama mkulima anayeomba aonyeshwe ukurasa mzima wa majina yanayoanza na herufi M, akalitafuta jina lake pasipo kumtajia karani aliyeshika daftari. Karani amesaidia, wala hakujua ni nani aliyekuwa anatafutwa.

Mwezi Mei 2025 tovuti hiyo ilifunguliwa kwa sura mpya. Majibu hupangwa kwa mfuatano wa tarehe, na kila wizi una ukurasa wake unaoeleza kilichotokea na ushauri wa kufuata. Mtumiaji haachwi tena na orodha ya majina ya makampuni pasipo kujua aanzie wapi.

KUTOKA ONYO HADI HATUA

Serikali ya Marekani ilifuata njia hiyohiyo kwa upande wa walioibiwa tayari. Mwezi Januari 2016 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilizindua upya huduma yake ya IdentityTheft.gov. Mtu hujibu maswali kuhusu yaliyompata, na huduma humwandalia mpango wake mwenyewe wa kurekebisha mambo: hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, pamoja na barua zilizokwisha kuandikwa za kupeleka kwa benki na kwa makampuni ya kumbukumbu za mikopo. Aliyefunguliwa akaunti ya simu kwa jina lake hapewi mpango sawa na wa yule aliyekopewa benki. Huduma hiyo hutolewa kwa Kiingereza na kwa Kihispania, kwa kuwa wapo wananchi wengi ambao lugha yao ni hiyo ya pili.

Si kila kizuizi huondolewa na mpangaji wa tovuti. Kufunga kumbukumbu za mikopo ni kinga yenye nguvu, lakini katika majimbo mengi ilitozwa ada, na mtu alipaswa kulipa kwa kila kampuni. Sheria iliyotungwa Mei 2018 iliifuta ada hiyo nchini kote kuanzia tarehe 21 Septemba 2018. Njia ya mtumiaji ilifupishwa na sheria, pale ambapo maneno mazuri peke yake yasingetosha.

HUDUMA ILIYOPO TANZANIA

Nchini Tanzania usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa ulianza tarehe 1 Mei 2019, na ufungaji wa laini zisizosajiliwa kwa njia hiyo ukaanza tarehe 20 Januari 2020. Tangu hapo laini ya simu imefungamana na mtu. Faida yake ni kwamba mhalifu aweza kufuatwa. Hatari yake ni kwamba laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mkulima na kutumiwa na tapeli humletea mkulima maswali ya polisi.

Kinga yake ni namba *106#. Mwananchi huipiga katika simu yake na kufuata maelekezo, akahakiki usajili wa laini yake na kujua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Hii ni huduma ya kulinda utambulisho kama zile zilizoelezwa, na katika mambo kadhaa imepangwa vyema kuliko ile ya Equifax. Hufanya kazi katika simu ndogo ya vitufe, haihitaji intaneti, ni fupi kukumbuka, wala haiombi namba ya siri ya kutolea fedha.

Upungufu wake ni kwamba humngoja mwananchi akumbuke kuuliza. Kadhalika, akiona namba asiyoifahamu, hana budi kwenda na kitambulisho chake katika duka au kwa wakala wa kampuni ya simu inayohusika ili iondolewe. Kwa mwanachama aishiye mbali na mji, safari hiyo ina nauli. Tena si kila namba ngeni ni ya mwizi. Wazazi wengi waliwasajilia watoto wao laini kwa vitambulisho vyao, na wengine walimsajilia ndugu aliyekuwa bado hajapata kitambulisho. Katibu anayemsaidia mwanachama yafaa amwulize hayo kwanza kabla ya kumtia hofu.

Mfano mwingine mwema ni namba 100. Makampuni ya simu yamewatangazia wateja kwamba watumishi wa huduma kwa wateja hupiga kwa namba 100 pekee. Apigaye kwa namba nyingine akijiita mtumishi wa kampuni na kuomba namba ya siri amekwisha kujulikana. Ilinganishwe kanuni hiyo na tovuti ile ndefu ya mwaka 2017: mlango mmoja uliozoeleka humlinda mtu kuliko maelezo ya kurasa kumi. Namba za matapeli nazo hupelekwa kwa namba 15040, kama Mamlaka ya Mawasiliano inavyowaelekeza wananchi.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamgusa kila anayekusanya taarifa za watu, na chama cha ushirika ni mmoja wao. Taarifa zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, zitumike kwa kusudi hilo, na zitunzwe kwa usalama. Zikivujwa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iarifiwe. Zaidi ya sheria, chama kinapotunza namba za watu mia mbili au mia tano kimekuwa, kitake kisitake, mlinzi wa utambulisho wao. Yafuatayo yanafaa kutendwa na kila katibu.

(a) Orodha za malipo. Mwanachama ana haki ya kuona jinsi fedha zilivyogawanywa, na desturi ya kubandika orodha ukutani ni nzuri kwa kuwa huzuia ubadhirifu. Lakini orodha hiyo haihitaji namba ya kitambulisho wala namba ya simu. Ibandikwe yenye jina au namba ya uanachama, kilo na kiasi cha fedha. Namba nyingine zibaki ofisini, chini ya ufunguo. Uwazi wa hesabu na siri ya utambulisho havigombani iwapo orodha imepangwa vizuri.

(b) Mlango mmoja. Chama kiwe na namba moja ya simu ya kutolea matangazo. Namba hiyo itangazwe katika mkutano mkuu na iandikwe kwa rangi katika ukuta wa ofisi. Ikibadilika, mabadiliko yatangazwe mkutanoni, wala si kwa ujumbe uliotoka katika namba mpya.

(c) Kutoomba siri. Karani, katibu au mjumbe wa bodi asiombe kamwe namba ya siri ya mwanachama, hata kama mwanachama mwenyewe ameomba asaidiwe kutoa fedha. Karani akiizoesha jamii kutaja namba ya siri, tapeli atavuna alipolima karani.

(d) Kuuliza machache. Fomu za chama zitazamwe upya. Kila nafasi ya kujaza ambayo hakuna awezaye kueleza matumizi yake ifutwe. Kisichokusanywa hakiibiwi.

(e) Tangazo la hatari. Litokeapo jambo, tangazo lifuate yale maswali matano. Tangazo lisemalo tu, "Tahadhari! Taarifa zenu zimevuja, tumeni namba za vitambulisho tuzihakiki," lina makosa yote ya mwaka 2017 katika sentensi moja. Mfano wa tangazo lifaalo ni huu:

"Wanachama waliouza zao kati ya tarehe 3 na tarehe 14 wanaarifiwa kwamba simu ya ofisi ya chama imeibwa. Ndani yake mlikuwa na majina yao na namba zao za simu. Namba za siri na namba za benki hazikuwamo. Mtu akikupigia akajiita karani wa chama na kuomba fedha au namba ya siri, usimpe. Leo, piga *106# utazame namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoifahamu, njoo ofisini na kitambulisho. Katibu yupo kila siku hadi saa 8 mchana. Tangazo hili limebandikwa pia katika ukuta wa ofisi."

Sentensi ya mwisho si ya kupuuzwa. Mwanachama anayeshuku ujumbe alioupata aweza kwenda mwenyewe, au kumtuma mtu, akathibitisha ukutani.

(f) Kupima kwa watu watano. Kabla tangazo au fomu mpya haijatumiwa, wapewe wanachama watano waisome: mzee mmoja, kijana mmoja, mama mmoja anayetumia simu ya mtoto wake, na wengine wawili wowote wasio viongozi. Wasielezwe kitu. Kila mmoja aulizwe ameelewa nini na angefanya nini. Palipotolewa majibu tofauti ndipo pa kuandika upya.

(g) Daftari la malalamiko. Kila mwanachama anayeleta habari ya ujumbe wa kitapeli au laini asiyoifahamu aandikwe, pamoja na tarehe na hatua iliyochukuliwa. Malalamiko matatu ya aina moja katika juma moja ni dalili kwamba orodha fulani imetoka nje, na uchunguzi uanze mapema.

Mambo haya hayahitaji kompyuta, wala bajeti ya kungoja idhini ya mkutano mkuu. Yanahitaji katibu akae upande wa pili wa meza yake, asome fomu na matangazo ya chama kama angekuwa mkulima aliyetoka shambani na kupata ujumbe usioeleweka siku tatu kabla ya malipo. Makatibu wanaombwa kuyaweka haya katika ajenda ya kikao kijacho cha bodi, wakianza na orodha iliyobandikwa ukutani sasa hivi. Ikiwa ina namba za vitambulisho au za simu, ibanduliwe leo na iandikwe nyingine.